Tezi ya Shingo, Siyo ya Mzee

Mume wa mgonjwa wangu aliporudi kutoka Shinyanga mjini alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonitia wasiwasi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umepata?"

"Nimepata. Tena wanazo za kila aina, mpaka wakanichagulia nzuri."

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Mwakitolyo. Napita nyumba kwa nyumba, nawaona wajawazito, watoto na wanaotumia dawa za kila siku. Dawa niliyomtuma haijawahi kuwa ya kuchagua. Inaitwa levothairoksini, na mkewe anaihitaji kwa sababu alikatwa rovu, ule uvimbe wa shingoni, huko Mwanza na tezi yote ya shingo ikatolewa. Huku kwetu watu wanaamini rovu likishakatwa ugonjwa umekwisha. Kumbe ndipo kidonge kinapoanza: kila asubuhi kabla ya chai, maisha yote. Zahanati yetu haina. Maduka ya machimboni hayaleti, maana nani mwingine atanunua?

Vidonge vyake viliisha tangu mnada wa ng'ombe wa mwezi uliopita, na safari hii alikuwa mjamzito. Tabibu wa kituo cha afya alinieleza bila kuzunguka kwamba katika miezi ya mwanzo mtoto anategemea tezi ya mama yake, na akili yake inajengwa wakati huo huo. Huyu mama hakuwa na tezi wala kidonge. Tangu nisikie hivyo sikuweza kukaa. Nikianza kufua naacha nguo kwenye beseni, nakwenda kumwangalia.

Nilimkuta siku ile amekaa juani na sweta, uso umevimba, sauti imekwaruza kama ya mtu aliyepigia kelele ng'ombe kutwa nzima. Majirani walikuwa wameanza kusema ni mvivu, mimba imemdekeza.

Nikafungua mfuko. Nikasoma jina kwenye boksi, nikasoma tena.

"Baba, uliwaambia unataka nini?"

"Dawa ya tezi."

"Lile boksi tupu nililokupa hukuwaonyesha?"

Akajipapasa mifukoni. Mkewe akanyoosha kidole kuelekea mlangoni. Boksi lilikuwa mezani, chini ya chupa ya chai.

"Na wao walikuuliza nini?"

"Waliniuliza nina umri gani, na kama naamka sana usiku. Nikasema mimi ni mzima, ni ya mke wangu. Yule muuzaji akasogea karibu akaninong'oneza, 'Usione aibu, baba, siku hizi hata vijana inawapata.'"

Alikuwa amenunua dawa ya tezi dume, ya wazee wanaokojoa kwa shida. Ukisema tezi mjini bila kutaja shingo, hiyo ndiyo tezi wanayoijua.

Mkewe alichelewa kuelewa, kama alivyokuwa akichelewa kila kitu siku zile. Kisha akacheka kwa ile sauti nzito. "Kwa hiyo nikinywa hizi, naota ndevu?"

"Usinywe hata kimoja," nikasema. Nilicheka pia, lakini siku nyingine ilikuwa imepotea, na mtoto hasubiri.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule kidato cha pili, nikawalea wadogo zangu. Wamekua, wametawanyika kufuata riziki, na sasa dawa ikikosekana hao ndio ninaowatuma. Nikampigia mdogo wangu anayeuza vitenge Kalangalala, Geita.

"Dada, nina wateja."

"Funga. Chukua kanga yako ujifunike, uende madukani. Ukifika, shika shingo yako kwanza, ndipo useme."

"Nishike shingo? Wataniona chizi."

"Waache wakuone hivyo."

Mtandao wetu unapatikana vizuri karibu na kichuguu nyuma ya nyumba yangu. Nilisimama pale, nikashuka barabarani, nikarudi. Simu ikalia.

"Dada, wanayo ya tezi ya shingo, ila ni ya wale ambao tezi inakimbia, moyo unadunda mbio."

"Hiyo ni kinyume chake. Iache."

Nikazunguka tena. Kuku walikuwa wananikimbia sasa. Jua lilikuwa linaelekea kushuka aliponipigia kutoka duka la karibu na stendi. Amepata yenyewe, jina ni lile lile, lakini nguvu yake ni nusu ya ile ya zamani. Nikamwambia asitoke dukani. Nikampigia tabibu. Akaniuliza jina herufi kwa herufi, akaniuliza namba iliyoandikwa, kisha akasema anywe viwili kwa pamoja na wiki ileile aende kupimwa damu.

Boksi lilikuja na basi la asubuhi, kondakta akalitoa kwenye mfuko wa shati kama tiketi. Nilikwenda nalo moja kwa moja. Mama yule alikuwa ameshamimina chai.

"Weka chini kikombe."

"Mayu, mama yangu, nina njaa!"

"Kunywa hivi na maji. Chai baadaye."

Akameza. Nikakaa naye mpaka chai ikapoa, nikitazama shingo yake na lile kovu kama mkufu mwembamba.

Duarani, wanakochimba dhahabu, wenzake wakaanza kumwita mumewe Mzee Tezi. Hakukasirika. Alijifunza lile jina refu la dawa, na kila tulipokutana njiani alilitamka huku ameshika shingo, kabla hata ya shikamoo.

Mwezi wa kujifungua ulipofika, mumewe alinipigia akiwa hospitali. Nilisikia watu wakipiga vigelegele nyuma yake.

"Dada, amezaliwa! Analia, anasikika mpaka nje! Wamesema watampima damu, lakini ananyonya kama ndama."

Nikakaa chini, palepale uwanjani. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kuketi vizuri tangu ule mnada.

"Na mama yake?"

"Mzima. Anaulizia chai."

"Amekunywa dawa?"

"Amekunywa. Ila, dada, vimebaki vya wiki hii tu."

Nikasimama, nikaelekea kwenye kichuguu kutafuta mtandao.