Ukucha Kwenye Kioo

Kituo chenyewe ukikiona hutakipa heshima yoyote: uzio wa waya, kokoto, mabomba manene ya njano na kibanda cha mlinzi nje ya lango. Gesi huingia hapo na nguvu za kubomoa ukuta, ikatoka imetulia, tayari kuwasha majiko ya mji. Siku ya uzinduzi wakubwa walipiga picha mbele ya bomba nene kuliko yote. Hakuna aliyekata utepe mbele ya kibomba chembamba kama kidole gumba kinachochomoza ubavuni mwake, na hapo ndipo tunapokosea siku zote. Tunashangilia misuli, mishipa tunaisahau. Gesi ya kibomba hicho ndiyo inayozifungua na kuzifunga vali kubwa, kwa hiyo lazima iwe safi na kavu, maana gesi inaposhuka nguvu hupoa kiasi cha kugandisha unyevu. Hupita kwanza kwenye kichujio kinachokamata vumbi na kutu, kisha kwenye chupa ya chuma iliyojaa punje zinazofyonza unyevu. Chupa ni mbili, moja ikifanya kazi nyingine inapumzika. Punje zenye kiu ni za buluu. Zikinywa zikashiba hugeuka pinki, na kila chupa ina kidirisha cha kioo ili fundi wa zamu ajionee mwenyewe.

Mmoja wa mafundi hao alikuwa mwanamke mfupi mwenye kicheko cha kukoroma, aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Chokochoko. Jina alilipata utotoni, siku aliposhona ncha za suruali ya baba yake na kumwacha akirukaruka chumbani kama chura. Alikua, akasomea ufundi, akaolewa, akazaa. Uchokozi haukupungua hata chembe.

Aliyepokezana naye zamu alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Huyo waliishi naye nyumba moja na walimwita Taratibu, kwa kuwa hakupiga chafya kabla ya kusoma maelekezo. Kwa Chokochoko, kuwa na mtu kama huyo karibu na kumwacha salama ilikuwa dhambi.

Basi siku moja, kabla ya kumkabidhi zamu, alitoa rangi yake ya kucha ya pinki akakipaka kile kioo, akajibanza nyuma ya kibanda cha mlinzi. Taratibu alifika, akaona, akatoka mbio. Akageuza mikono ya vali jasho likimtiririka, akahamishia kazi chupa ya pili. Ndipo akaisikia harufu ya rangi ya kucha. Akakwaruza kioo, rangi ikambakia ukuchani.

“Shemeji, leo kucha zimekupendeza,” Chokochoko alimwambia usiku mezani, mbele ya mama mkwe.

Mama mkwe alicheka hadi akashika mbavu. Taratibu aliendelea kutafuna polepole.

“Cheka tu, shemeji. Mimi hunipati tena.”

Sasa, mume wa Chokochoko alikuwa mwoka mikate, na tanuri lake liliwaka kwa gesi ya kituo hichohicho. Kwa muda mrefu aliibembeleza shule ya bweni iliyokuwa juu ya kilima impe kazi, na hatimaye ikakubali kumjaribu siku moja. Mikate ikifika kabla ya chakula cha jioni, kazi ni yake. Ikichelewa, kazi itarudi kwa mwenye nayo, mwoka wa upande wa pili wa barabara, ambaye tangu asubuhi alikuwa amesimama mlangoni kwake akichungulia. Chokochoko aliomba ruhusa kazini akaja kukanda unga pamoja na mama mkwe.

Mikate ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuumuka tanurini pale moto ulipolegea. Ukafupika, ukafupika tena. Chokochoko alijua papo hapo: unyevu umepenya, umeganda kwenye kile kibomba, na vali kubwa imekwama. Alinyakua simu akapiga kibanda cha mlinzi, akaitiwa Taratibu.

“Shemeji, angalia kioo.”

“Nimekiangalia tangu naingia. Pinki tupu.”

“Na hukugeuza?”

“Nigeuze rangi ya kucha? Sikuzaliwa jana.”

“Hiyo siyo yangu, shemeji. Haki ya Mungu ni punje.”

“Ndivyo ungesema hata kama ni yako,” alisema Taratibu, akakata simu.

Lakini moyo haukumpa. Alirudi akakwaruza kioo kwa ukucha. Hakuna kilichobanduka. Akakwaruza tena, pinki ikabaki palepale, ndani ya kioo. Akageuza chupa, akachukua maji ya moto ya chai yake, chupa nzima ya thamosi, akakimwagia kile kibomba hadi barafu ikaachia. Aliposikia vali inapumua ndipo akapiga simu, maana deni la rangi ya kucha hakuwa amelisahau.

“Nitageuza,” alisema, akijitahidi asihemee kwenye simu. “Lakini weka sauti kubwa, mama asikie. Sema: shemeji yangu ni mtu makini, na mimi ni mtoto asiyekua.”

Chokochoko, mgongo kwa tanuri na unga hadi viwikoni, alisema. Akaambiwa arudie kwa sauti ya wazi zaidi. Akarudia. Mama mkwe aliomba mara ya tatu, eti sikio moja halikushika. Mumewe alikuwa ameuona moto ukinyanyuka tangu neno la kwanza. Alifunga mdomo, akaendelea kupanga trei.

“Hata wewe?” Chokochoko alimwuliza alipogeuka akauona moto.

“Ulikuwa unaongea vizuri, mke wangu. Sikutaka kukukatiza.”

Mikate ilifika shuleni bado ina joto.

Tangu siku hiyo hakuna fundi anayeanza zamu kituoni bila kukwaruza kioo kwa ukucha kwanza. Wapya wanaamini ni agizo la kiwanda kilichotengeneza mtambo. Mmoja alimwuliza Chokochoko kwa nini lazima iwe mara mbili.

“Soma maelekezo,” alimjibu, uso mkavu kama gesi yake.