Omena za Mwezi wa Tano

Mama anayeuza omena kando yangu hapa soko la Kamukuywa hawezi kutulia. Tangu serikali ifunge uvuvi ziwani mwezi wa Aprili ili omena zizaane, meza yake ni tupu, lakini kila siku anafika mapema, anapangusa gorogoro yake ya kupimia, anasimama kuchungulia barabara, anarudi kuipangusa tena. Juzi jamaa mmoja akatushushia gunia la omena. Mama akachota kiganja, akazigeuza-geuza kwa kidole. Zilikuwa nyembamba kama sindano.

"Hizi ni watoto, bana. Rudisha ziwani."

"Si zimeshakufa, mama? Ukikataa, huyu jirani yako atachukua."

Nikachukua mimi. Kufikia saa sita gunia lilikuwa limebaki robo, na yeye alikuwa ameinuka na kuketi sijui mara ngapi. Mwishowe akaja na gorogoro yake, akaiweka mbele yangu. "Nipimie moja. Nyumbani hawajaonja samaki tangu Pasaka." Nikaijaza, kisha nikachota ya nyongeza, vile yeye huwaongezea wateja wake wote. Akaifunika gorogoro kwa kiganja kabla sijamimina.