Watano Watano pale Busiu

Ko, ko, ko, ko, ko. Funguo juu ya chuma, mara tano, kisha kimya.

Kwa miaka ishirini na miwili Margret Namono alianza siku kwa mlio huo. Alikuwa askari magereza wa upande wa wanawake mjini Jinja. Kila alfajiri aligonga lango kwa tita lake la funguo, wafungwa wakatoka, wakachuchumaa watano watano, naye akapita akihesabu. Hesabu ikitimia alisema, "Simama." Isipotimia, waliendelea kuchuchumaa mpaka itimie. Alipostaafu alirudisha funguo za serikali, akabaki nyumbani kwake Nalufenya na zake tatu tu: ya mlango, ya kabati, na ya baiskeli iliyokwisha kuibwa. Hizo tatu aliendelea kuzigonga. Aligonga meza kuita watu kula, akagonga dirisha kufukuza mbuzi.

Kiswahili chake alikiokota humo humo kazini. Kwao, milimani juu ya Mbale, walisema Kimasaba. Majirani wa Nalufenya walisema Kisoga, na kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya watu waliokuja na bunduki kuuliza redio imefichwa wapi. Margret alikipenda hata hivyo, kama mtu anavyopenda viatu vilivyomfikisha mbali, ila hakusema hivyo mbele za watu. Hakukuwa na haja. Mtaa mzima, hata muuza nyanya, ulimwita Afande.

Mwaka 1996 akaja Maarit. Alikuwa muuguzi kutoka Ufini, nchi ambayo Margret aliitafuta kwenye ramani ya binti yake Brendah akaikuta juu kabisa, karibu itoke nje ya karatasi. Shirika lake lilitaka akahudumie wagonjwa wa kambini na gerezani Mbale, ambako askari wa kaskazini na wa mashariki huelewana kwa Kiswahili. Kwanza akakae Jinja miezi mitatu, ajifunze. Shirika liliulizia mwalimu Nalufenya nzima, na kila mtu akakana kukijua Kiswahili isipokuwa Margret.

Basi masomo yakaanza, ko, ko, ko, juu ya meza ya chakula. Simama. Kaa. Nyamaza. Jina? Kazi? Kosa? Maarit aliandika yote, akayasema kwa moyo wake wote. Siku moja alikwenda dukani Mpumudde na kusema, "Toa mkate!" Mwenye duka akatoa mkate, akatoa na sukari, kisha akainua mikono. Maarit alirudi akicheka na kulia pamoja. Margret aliuonja mkate, akasema matamshi yalikuwa safi.

Tatizo lilikuwa mtihani. Mtahini alikuwa Mkenya wa Bungoma, Mwalimu Cleophas Masinde, ambaye wao wawili walimjua kwa barua tu. Alipelekewa daftari la Maarit, akalirudisha na ujumbe mfupi. Katika kurasa themanini, aliandika, hakukutana na neno tafadhali hata mara moja. Jumamosi saa saba mchana atakuwa Mbale kumpima muuguzi, na hapo ataamua kama wageni wanaofuata watafundishwa na Margret, au wote wapelekwe Kenya.

Maarit aliuliza kwa nini neno hilo halikuwemo. Margret alikunja barua mara nne kabla ya kujibu.

"Ukiomba, mtu anaweza kukataa."

Lakini aliwataka wale wageni. Tangu astaafu hakuna mtu aliyekuwa akingoja mlio wa funguo zake ndipo siku ianze, mpaka alipokuja huyu Maarit wa nywele nyeupe. Ikiwa wote watapelekwa Kenya, watabaki mbuzi.

Jumamosi hiyo waliondoka saa kumi na mbili asubuhi kwa pikapu ya shirika, dereva akiwa Semei, kijana wa Kisoga asiyejua kuharakisha. Pikapu haikukubali kuwaka, ikasukumwa na majirani mpaka barabara kuu. Iganga wakapata pancha, na tairi ya akiba nayo ikaonekana haina upepo. Walipofika Bugiri, Semei aliomba dakika moja amsalimie shangazi yake. Dakika ile ilikula saa nzima, na shangazi, kwa furaha ya kumwona mzungu anayesema Kiswahili, akampa Maarit jogoo. Jogoo akajikata kamba, akajificha chini ya kiti na kukataa kutoka. Kuanzia hapo kila Semei alipobadilisha gia, jogoo alitoa maoni. Maarit alicheka mpaka akashika mbavu. Margret hakucheka. Alikuwa akitazama saa ya Maarit.

Walipita Tororo saa sita na nusu, wakaanza kuamini. Kisha Busiu, barabara ikaisha.

Lori la mahindi lilikuwa limelala chali katikati ya njia, na magunia yametapakaa kutoka mtaro hadi mtaro, mengine yamepasuka. Mbele na nyuma magari yalikuwa yameziba. Watu zaidi ya arobaini walisimama wakishauriana, kila mmoja na mpango wake. Dereva wa lori, aliyetoka salama na nundu moja tu, alikataza mtu kugusa gunia, akihofia yataishia jikoni mwa watu. Wengine walikwisha kununua ndizi kwa Nasimiyu, mwanamke aliyeweka meza yake hapo, na kukaa kabisa.

Saa saba ikafika. Ikapita. Margret alikuwa ndani ya pikapu, funguo zimelala mapajani.

Maarit alimtazama, akazichukua zile funguo, akashuka. Alipanda juu ya gunia, mwekundu kwa jua, na kugonga ubavu wa lori. Ko, ko, ko, ko, ko.

"Wote! Watano watano! Chuchumaa!"

Mwanajeshi mmoja aliyekuwa likizo, ndizi ingali mdomoni, akachuchumaa. Mwili wake ulitangulia, akili ikaja baadaye. Mwanamke aliyekuwa karibu naye, mke wa polisi, akaanza kucheka, akachuchumaa pia, kisha na wengine, wakisukumana na kupangana kama watoto wa shule.

"Hii vita imerudi," Nasimiyu akasema, "na sasa afande yake ni mzungu."

Kicheko kikaenda safu hadi safu. Ila mzee mmoja hakucheka. Aliposikia ile sauti aligeuka na kuanza kuelekea migombani, polepole, bila kutazama nyuma. Margret alimwona. Alishuka, akamfuata, akamwambia kwa Kimasaba kwamba hakuna anayechukuliwa leo, ni mahindi tu yanayohamishwa. Mzee alimwangalia sana, akarudi, akakaa kwa Nasimiyu. Ndipo Margret akageukia barabara, na miguu ikajikumbukia kazi yake.

Alipita akihesabu. Kila safu magunia matano, alisema, yakawekwe chini ya mwembe ulio mbele ya duka la kando ya njia, naye atayahesabu yakitua. Dereva wa lori aliposikia kuna hesabu, akatulia. Zilitimia safu nane, na mtu mmoja akazidi. Alikuwa amechuchumaa peke yake nyuma kabisa, suti ya kijivu, mkoba juu ya magoti.

Maarit alimkabili kama alivyofundishwa.

"Wewe! Jina!"

"Cleophas Masinde."

"Kazi!"

"Mwalimu."

"Kosa!"

Mtu yule alifikiri kidogo. "Kuchelewa, afande. Nilikuwa na mtihani Mbale saa saba."

Maarit aliziba mdomo kwa daftari. Margret, hatua mbili nyuma yake, alishika bega la mwanajeshi ili asianguke. Kule kwenye pikapu jogoo akawika. Safu nane ziliangua kicheko bila kujua kisa chenyewe, na Margret, aliyekuwa hajacheka tangu Jinja, akaanza kutikisika mabega, machozi yakamtoka, akashindwa kabisa kusema lile neno la kuwainua. Mwalimu Masinde alibaki chini akieleza kwamba hajaruhusiwa kusimama.

"Simama," Margret akasema mwishowe, katikati ya pumzi.

Wakasimama wote. Mwalimu alivua koti na kubeba gunia kama wenzake, kisha la pili. Haikupita saa nzima kabla ya njia kufunguka upande mmoja, na hakuna gunia lililopotea.

Mtihani ulifanyika pale pale, Mwalimu akiwa amekaa nyuma ya pikapu na mavumbi ya mahindi kwenye masharubu. Mke wa polisi alikuwa ameteguka mguu akibeba gunia, kwa hiyo Mwalimu akamwambia Maarit amhudumie. Kaa. Nyoosha mguu. Wapi inauma? Tangu lini? Yule mwanamke alijibu yote, na pale alipoambiwa "Nyamaza!" alicheka na kunyamaza. Mguu ukafungwa. Mwalimu akaandika.

"Amepita," alisema. "Hapa watamwelewa yeye kuliko mimi."

Maarit alimkumbatia Semei, akamkumbatia mwanajeshi, akamtafuta jogoo. Mwalimu aligeuza karatasi ya pili.

"Kuhusu wageni watatu wa mwezi wa tisa, sijaandika kitu. Naona wewe hujaniambia unachotaka, mama."

Margret alisimama wima, mikono ubavuni. "Walete Nalufenya," alisema, kwa sauti ya langoni.

Kalamu haikugusa karatasi. Mwalimu hakuwa na hasira wala haraka, alingoja tu. Malori yalianza kupita, yakipiga honi kwa furaha, mahindi yakilia chini ya magurudumu. Margret alizichukua funguo kutoka mkononi mwa Maarit, akazitia mfukoni, akazishika humo zisilie. Kisha akasema, chini chini, hata Maarit aliyekuwa kando yake ilibidi ainame:

"Tafadhali, mwalimu."