Lile Ua la Kule Kwenye Mwamba

Mwanangu, kosa langu nililifanya mapema, tena nikidhani najifunza. Nakumbuka asubuhi moja, mvua za masika zimekatika, nikampandisha mama yangu, bibi yako, mlima ulio nyuma ya kwetu hapa Tarime, tutazame maua. Leo wewe hujaanza hata kutambaa, na mimi sijafikia umri wa kutoa nasaha. Ila naogopa kusahau, ndiyo maana nakuandikia.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Ya mama yalikuwa yanashushiwa pazia polepole. Daktari alishamwambia kwamba macho yakiharibiwa na presha kiasi kile hayarudi. Akaomba jambo moja tu: aione tena miteremko aliyokuwa akikata nyasi za kuezekea akiwa msichana, iwe imechanua.

Tulifika juu jua likiwa bado changa. Njano ilikuwa imetanda mpaka kwenye miamba, na ndani yake vichwa vya zambarau vikiyumba. Kusini, mbali, tambarare za Serengeti zilionekana kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa. Hayo nayajua kwa sababu mama aliyataja. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye majani na simu yangu. Mambo ya mimea nilijifundisha mwenyewe, na nilitaka kila ua liwe na jina lake sahihi, na picha isiyo na kasoro. Nilipiga, nikafuta, nikapiga tena. Mara simu ikashika mtandao wa ng'ambo, ikanikaribisha Kenya.

Nilipomsomea mama ujumbe huo akacheka. "Umeshafika Kenya, mura? Mimi bado niko hapa. Njoo ukae, uniambie lile la kule kwenye mwamba ni rangi gani. Sioni vizuri."

"Subiri kidogo, baba. Hili sijajua linaitwaje."

Kwa Kikurya chetu, mwanangu, kijana ni mura, na mama huitwa baba. Wageni wanaokuja kuchimba dhahabu hutucheka sana kwa hilo. Mama akalidaka neno lile lile.

"Nyumbani unaniita baba. Mbele ya wageni unaniita mama. Kuna siku nilibadilika sura?"

Nikamwambia namaliza sasa hivi. Wingu likapanda kutoka bondeni, likafunika mwamba, likafunika maua, likamfunika na yeye. Tukashuka nimemshika mkono.

Masika yaliyofuata maua yalirudi. Macho hayakurudi. Siku moja tukiwa tumekaa mlangoni akaniuliza, "Lile la kule, lilikuwa rangi gani?" Nikapekua simu. Picha zilikuwa safi, na majina yote yapo. La kule halikuwemo. Natamani wingu lile lingechelewa kidogo tu, hata kwa muda wa kugeuza shingo.

Mtaka yote hukosa yote. Unayempenda akikuambia njoo ukae, kaa. Jina la ua unaweza kuliuliza kesho. Mungu akupe macho ya kudumu, na akupe watu wa kukuita ukae nao.

Siku hizi napanda bila simu. Nakaa pale alipokaa, natazama mpaka nishibe, kisha nashuka kumsimulia. Yeye huuliza kwanza lile la kule kwenye mwamba, nami naanza na rangi.