Nyayo Nilizozifukia

Nguruwe pori hali mahindi kama ng'ombe. Ng'ombe hula majani na kuendelea na safari yake. Nguruwe huangusha bua zima, hutafuna muhindi mbichi, halafu hutema makapi. Hayo nilifundishwa na baba yangu kule Tlawi, kabla sijaolewa huku Gendabi. Alinionyesha pia nyayo zao kwenye udongo laini: kwato mbili mbele na alama mbili ndogo nyuma, ambazo kwa kawaida mbuzi haachi. Alisema hutembea kama familia, na dume hulinda watoto kwa ukali ambao mimi sijauona kwa wanaume wengi.

Kwa hiyo asubuhi ile nilipokuta mistari minne ya mahindi imelala, sikuhitaji kuuliza. Makapi yalikuwepo, na zile alama ndogo pia. Lakini mume wangu alikuwa amepita kabla yangu, wala hakutazama chini. Alikuwa ameshampigia simu mwenyekiti wa kitongoji kumshtaki jirani yetu mfugaji kwamba mbuzi wake wameingia shambani. Jirani mwenyewe ndiye aliyelisha ng'ombe mabua yetu kila baada ya mavuno, akatuachia samadi. Mkewe ndiye aliyeniletea maziwa kila nilipojifungua.

"Baba watoto, ni nguruwe wale," nilimwambia.

"Wazee wako njiani. Unataka nionekane mwongo?"

Nilichukua jembe. Nilipalilia mistari ile yote, nikafukia nyayo na makapi, huku nikijiambia kwamba magugu yamezidi. Hayakuwa yamezidi. Nilijichukia, na bado niliendelea kulima.

Wazee walikuta udongo mbichi na mahindi yaliyolala. Mfugaji alisema mbuzi wake hawakutoka zizini, ila hakuwa na cha kuwaonyesha. Mkewe alitazama jembe langu, kisha akanitazama mimi. Wakaamriwa wahamishe boma mbali na mashamba, na kabla ya Jumapili walikuwa wameondoka.

Msimu uliofuata nguruwe walirudi na kula hadi karibu na mlango wa jikoni. Mume wangu aliziona nyayo safari hii. Jambo hilo hatujalizungumza mpaka leo.

Mwezi uliopita nilikutana na yule mama mnadani, akiuza maziwa. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ni mkubwa kwangu, isingewezekana kumpita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watoto wazima?"

"Wazima."

Akamalizia kumpimia mteja wake, akafunika dumu.

"Na wale nguruwe, bado wanawasumbua?"

Nilijibu kwamba bado.

"Poleni sana," akasema, na alimaanisha. Afadhali angenitukana.