Konyeza wa Bwawa la Ntalikwa

Najiat wa Mtendeni anauza samaki wa kukaanga, na ulimi wake haujawahi kulala njaa. Ujanani aliolewa Tanga, akakaa miaka tisa, akaachika, akarudi Tabora na kikaango cha chuma na maneno ya pwani.

Kiangazi cha mwaka jana, mchana wa jua kali, alikuwa kwenye bwawa moja huko Ntalikwa akisubiri perege wake. Akaona majini vidude vya mviringo, vidogo kama sarafu, vinafumba na kufumbua kama miavuli. Akachota kimoja kwa kikombe. Kilionekana mpaka ndani, kama ute wa yai. Konyeza wa baharini aliwajua, kule Tanga waliwahi kumwasha mapaja. Lakini kwenye maji baridi?

Aliporudi sokoni akasema, "Bwawani kuna konyeza."

Limbu, fundi baiskeli wa kibanda cha pili, akaweka spana chini. "Nani anakukonyeza, dada Najiat? Kwa umri huo?"

Watu wakaangua kicheko. Mwingine angejieleza; Najiat alijifunga kanga vizuri tu. "Ni wengi, Limbu. Mia na zaidi. Jua likifika utosini wananijia, na hawana hata nguo."

Siku ya pili shangazi yake, Bi Tatu, akabisha hodi amenuna.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nasikia unakwenda Ntalikwa kuonana na wanaume."

"Kweli. Na leo nimerudi na watatu." Akamwekea mbele chupa ya jemu.

Bi Tatu akawatazama kwa muda mrefu. "Hawa hawana hata mfupa."

"Kwani mume wangu wa Tanga alikuwa nao?"

Bi Tatu alicheka hadi akatafuta mkeka.

Limbu naye akaja kuona. Najiat akamwambia akigusa na ni mwongo, mkono utavimba. Limbu akaficha mikono mgongoni, baadaye akatoa mmoja, akapiga picha kwa simu. Picha ilizunguka ikamfikia Octavian, mtaalamu wa samaki, naye akaja na pikipiki mpaka bwawani, Najiat na Limbu wakimwongoza. Alisema konyeza wa maji baridi wanajulikana Ziwa Tanganyika, lakini habari zao katika bwawa hili hakuwahi kuzipata.

"Nani aliwaona kwanza?"

Limbu mwenyewe akamwonyesha Najiat.

"Na unadhani walifikaje huku, mama?"

"Mgongoni," alijibu Najiat, uso mkavu. "Wapagazi wa misafara waliwabeba kutoka Ujiji kwenye vibuyu. Walipochoka, wakawamwaga hapa."

Octavian alishaandika mistari miwili ndipo akamsikia Limbu anapaliwa na kicheko. Akaifuta, naye akicheka. Kisha akaandika tarehe, mahali, na jina la aliyewaona.

Najiat akaliomba lile daftari. Akajisomea jina lake kimya, mara mbili, kidole kikifuata herufi. Akasema moja imekosewa, na kweli ilikuwa imekosewa.