Sheria ya Ngitili Niliyoiandika Mwenyewe

Ngitili yetu si pori la kujivunia. Ni kilima kimoja na mteremko wake, kimejaa migunga na mikambala. Wazee walilifunga pori hilo zamani ili ng'ombe wapate majani kiangazi kinapokausha kila kitu. Ni mali ya kijiji kizima. Mtu wa Bariadi mjini akipita na bodaboda anaona vichaka tu, lakini sisi tunaona maziwa ya mwezi wa tisa.

Miti ilianza kupotea mwaka ule watu wa mjini walipoanza kujenga kwa pupa. Kila mmoja anataka matofali ya kuchoma, na tanuri haliwashwi kwa maneno. Jioni fuso zilisimama barabarani, zikapakia magogo, zikaondoka. Tukaunda kamati ya watu saba. Mimi nikawa katibu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na, nakiri, kwa sababu napenda kusikilizwa. Tulikwenda kwa afisa misitu. Alitupokea vizuri, akatupa viti, akasema yuko peke yake na pikipiki yake ni mbovu. Tukarudi na pole yake.

Basi tukageukia dawa ya kwetu. Usukumani mtu aliyeikosea jamii anatengwa. Hakuna kumsalimia, hakuna kumpa kaa la moto, hakuna kumsaidia kulima wala kuvuna, mpaka kosa lake likiriwe mkutanoni na ng'ombe atolewe, achinjwe, aliwe na kijiji kizima. Kikaoni liliulizwa swali: atengwe mkataji peke yake, au kaya yake yote? Nilisimama mimi. Nikasema tukimtenga mtu mmoja, mkewe ataomba moto kwa jirani na adhabu itakuwa mchezo wa watoto. Itengwe kaya. Wanaume wakagonga fimbo chini kukubali. Niliandika kwenye daftari, nikapigia mstari neno "kaya", nikaenda nyumbani najiona mwanamke wa maana.

Sikuwaza kwamba mama yangu naye yumo kwenye kaya ya mtu. Anakaa kwa mdogo wangu wa mwisho, kama desturi inavyotaka. Kwao na kwangu ni kuvuka shamba moja la pamba.

Wiki chache baadaye tulikuta visiki vinne vibichi kilimani. Magogo yalikuwa yamebebwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, na alama zilionekana wazi kwenye vumbi. Wasukuma tunasoma kwato kama wengine wanavyosoma gazeti. Kamanda wa sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, alikuwa mbele, anafuata njia ya magurudumu, mimi nyuma yake. Nikaiona alama aliyoipita bila kuiona: kwato ya mbele, ya kushoto, ukingo wake umejikunja kwa ndani. Nilimjua yule maksai. Nilimchunga mwenyewe akiwa ndama. Ningepitisha kandambili yangu mara moja tu na habari ingeishia pale. Hadi leo sijui kama nilisema kwa kupenda haki au kwa kuogopa aibu ya kukutwa naficha. Nilisema, "Huyu ni ng'ombe wa kwetu."

Nilimkuta mdogo wangu anafunga uzio. Hakukana.

"Nimekata, ndiyo. Pamba imeninyima, dada. Mtu wa matofali hanyimi."

"Basi kiri, utoe ng'ombe yaishe."

"Nina maksai wawili tu. Nikimtoa mmoja, plau nitavuta na nani? Na wewe?"

Jioni ile kaya yake ikatengwa.

Mama ana kigoda chake kando ya njia, na kusalimia ndiyo kazi aliyobaki nayo. Kwake salamu si neno moja: ataanza na "Mwangaluka!", ataulizia ng'ombe, watoto, mguu uliokuwa unauma juzi. Sasa watu wakawa wanapita kimya. Siku za kwanza alidhani hawasikii, akawa anapaza sauti. Kisha mkwe wake akamweleza sheria ilivyo, na aliyeiandika.

Mimi nami nilipita. Kamati ilikuwa inanitazama, na si kamati peke yake. Wengine walisema wazi kwamba mkuki kwa nguruwe mtamu, tumsubiri katibu. Nilijua nikisimama mara moja tu kando ya kigoda kile, kesho yake kila mwenye shoka ataingia kilimani na kusema ana mama. Kwa hiyo nilipita msimu mzima wa kupanda, macho mbele. Asubuhi moja alisema taratibu, bila kunilaumu, "Mwanangu, goti limevimba." Sikugeuka. Nilifika shambani nikakaa chini katikati ya mahindi, nikalia mpaka nikajichukia.

Palizi ilipokwisha, mkutano uliitwa. Tulikuwa tumeshaanza tulipomwona mama anakuja anachechemea, anamvuta ng'ombe jike mwenye mabaka meupe. Kila mtu alimjua ng'ombe yule. Alikuwa wa mwisho katika uzao wa ng'ombe wa mahari yangu, na maziwa yake ndiyo mama aliyokuwa anakunywa. Mdogo wangu alikuwa nyuma yake, kichwa chini. Alikiri kwa sauti ndogo hata mwenyekiti akamtaka arudie. Mama akaikabidhi kamba.

"Mchuma janga hula na wa kwao," alisema. "Mimi nimeshakula. Sasa kuleni ninyi."

Mwenyekiti akanigeukia niandike. Nikaandika kwamba ng'ombe amepokelewa. Alichinjwa palepale, akachomwa, na kwa kuwa anayekataa nyama ile ni kama amekataa kusamehe, nilikula. Watu walimpiga mdogo wangu mabegani, wakacheka naye. Mama aliondoka mapema, akisema goti.

Asubuhi yake watu walijaa kwenye kigoda chake, kila mmoja anataka kusalimia. Nilingoja zamu yangu. Nikapiga magoti kama inavyompasa binti, nikasema, "Mwangaluka, mayu." Alikuwa anaongea na mke wa kamanda kuhusu ndama. Aliendelea kuongea naye mpaka alipomaliza, halafu akamwita mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Tangu hapo hakuna aliyekata mti kilimani, na fuso hazisimami tena. Bado napita pale kila siku, napiga magoti, nasalimu. Mama anamwitikia kila mpita njia, hata wachuuzi wa samaki wa kutoka Busega asiowajua. Mimi hajaniitikia.